Kutoka -penda hadi -oa: Sarufi ya Tofauti za Mwanamume na Mwanamke katika Komedi za Mapenzi, Kasulu na Kibondo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna komedi za mapenzi zinavyosawiri tofauti za wanaume na wanawake pale zinapomfikia mtazamaji au msomaji kwa Kiswahili, hususani katika miji ya Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma. Inadaiwa kwamba tofauti hizo hazibebwi na picha na matendo ya wahusika peke yake. Hubebwa pia na vitenzi vya uchumba na ndoa, na majina ya dhima ambayo watazamaji huwapa wahusika. Matini zinazorejelewa ni *Mabepari wa Venisi* (1969), tafsiri ya Julius Nyerere. Filamu ya *Coming to America* (1988). Na filamu ya Kitanzania ya *Kiumeni* (2017).

Utangulizi

Husemwa mara nyingi, katika kumbi za mihadhara na nje yake, kwamba Kiswahili ni lugha isiyobagua jinsi. Ushahidi unaotolewa ni viambishi vya nafsi ya tatu umoja. Katika sentensi *Anampenda* hakuna mofimu inayoonyesha iwapo anayependa ni mwanamume au mwanamke, wala anayependwa ni nani kati yao. Viambishi *a-* na *-m-* huonyesha ngeli ya viumbe hai; jinsi haimo. Kiha na Kirundi, lugha ambazo Guthrie aliziweka katika kundi moja la D60, zina hali hiyo hiyo. Kwa hiyo mtoto anayekulia Kasulu au Kibondo akizungumza Kiha nyumbani, Kiswahili shuleni na pengine Kirundi na jirani aliyetoka ng'ambo ya mpaka, huweza kuzipitia lugha zote tatu bila kulazimishwa na kiambishi chochote kumtenga mwanamume na mwanamke.

Kutokana na hali hiyo, ingetarajiwa kwamba komedi ya mapenzi, utanzu unaoishi kwa kuzikuza tofauti za mwanamume na mwanamke, ifike katika miji hiyo ikiwa imepunguzwa makali. Inavyoelekea, mambo ni kinyume. Kile ambacho Kiswahili hakikisemi katika kiambishi hukisema katika kitenzi, na hukisema kwa uthabiti ambao Kiingereza hakina.

Eneo hili limechaguliwa kwa sababu ya lugha zake. Barabara ya kutoka Kigoma kwenda Nyakanazi hupita Kasulu, Kibondo na Kakonko, na katika ukanda huo Kiswahili cha shule ya Tanzania hukutana na Kiswahili cha Kongo na cha Burundi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Hapa Kiswahili ndicho kiungo cha watu ambao wengi wao walianza na lugha nyingine, na wengine wao walisomeshwa kwa Kifaransa, lugha yenye viwakilishi vya kiume na vya kike. Filamu ya mapenzi inapofasiriwa kwa Kiswahili katika mazingira hayo, kila uteuzi wa neno huonekana waziwazi zaidi kuliko mahali ambapo wote walizaliwa wakiyasikia maneno hayo hayo.

Neno komedi linatumika hapa kwa maana ya kisa cha uchumba kinachochekesha na kuishia katika muungano. Wapo wanaopendelea ramsa, na wapo wanaosema futuhi. Lakini katika Kanda ya Ziwa na viunga vyake neno hili la mwisho limekwisha kutwaliwa na kipindi cha Star TV ya Mwanza, na mtazamaji wa Kibondo akilisikia hatamfikiria Shakespeare.

Vitenzi na kazi zake

Northrop Frye, katika *Anatomy of Criticism* (1957), alilieleza umbo la komedi kwa ufupi: kijana wa kiume anamtaka msichana, kizuizi kinatokea, mara nyingi kutoka kwa mzazi, kisha mgeuko fulani katika msuko unaliondoa tatizo na jamii mpya inaundwa kuwazunguka wawili hao. Muhtasari huo umerudiwa mno hata si rahisi kuona kwamba ndani yake anayetaka ni mwanamume. Wanaisimu wa Kiingereza waliofuata hawakuanzia hapo. Walianzia kwenye mazungumzo: Deborah Tannen (1990) aliona mitindo miwili ya usemaji inayopishana, na Deborah Cameron (2007) aliitaja imani hiyo ya pande mbili zisizoelewana kuwa ni hekaya. Katika Kiswahili kuna tabaka lililo chini ya mazungumzo. Kabla wahusika hawajafungua vinywa, kitenzi kimekwisha kuwagawia kazi.

Vitenzi vinavyohusika vinajulikana na kila mzungumzaji. Mwanamume hutongoza, mwanamke hutongozwa. Mwanamume huposa, mwanamke huposwa. Huchumbia naye huchumbiwa. Huvisha pete ya uchumba naye huvishwa. Huoa naye huolewa. Hata mambo yanapoharibika mpangilio haubadiliki, kwani katika matumizi ya kale ya talaka mume huacha na mke huachwa. Hii si kauli ya kutendwa ya kawaida. Katika *Mpira umepigwa na Asha*, mtenda anaweza kuwa mtu yeyote mwenye mguu. Katika *ameolewa*, jinsi ya kiima imekwisha kuamuliwa, na hivyo sifa ambayo kiambishi *a-* kilikataa kuibeba huonekana kupitia dirisha la mnyambuliko. Sentensi *Asha amemwoa Juma* haina kosa lolote la sarufi. Mofolojia yake ni safi na upatanisho wake umekamilika. Hata hivyo msikilizaji atacheka, au atadhani Juma anatukanwa. Kosa la sarufi halichekeshi namna hiyo. Kinachochekesha ni cheo kuhamishwa mahali pake.

Kirundi nacho kina *kurongora* kwa mwanamume na *kurongorwa* kwa mwanamke, kwa hiyo Mrundi wa Nduta anayejifunza Kiswahili hahitaji kufundishwa mpango huu. Anaukuta nyumbani mwake ukiwa umevaa nguo nyingine. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba Kiswahili ndicho kilichouleta mgawanyo huu milimani. Kilichofanywa na Kiswahili ni kuupa njia ya kuingia katika hadithi zilizotungwa na watu wasiokuwa nao, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza kinachotafsiriwa kwa *-oa* humkubali mwanamume na mwanamke katika nafasi ile ile.

Kitenzi *-penda* kiko nje ya mpango huo. Yeyote humpenda yeyote. *Anampenda* haisemi nani, na *wanapendana* huwaweka wawili katika kiima kimoja. Hivyo basi, komedi ya mapenzi ikisimuliwa kwa Kiswahili hutembea kutoka kitenzi kimoja hadi kingine. Kwa muda mrefu wa kisa wahusika huishi ndani ya *-penda*, ambako kila mmoja huweza kuwa mtenda: anatafuta, anakwepa, anadanganya, anatega mtego, anakosea mlango. Mwisho wa kisa, ule ambao Frye aliuita kuzaliwa kwa jamii mpya, ni kuhamia katika *-oa*, ambako mmoja hubaki mtenda na mwenzake huwa mtendwa. Kwa mtazamaji wa Kiingereza harusi ya mwisho huwaunganisha wawili. Kwa mtazamaji wa Kiswahili harusi hiyo hiyo huwatenganisha kisarufi kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze.

Pingamizi linaweza kutolewa hapa, na ni zito. Kiswahili kina *-oana*, na magazeti hupenda kuandika kwamba fulani na fulani wamefunga ndoa. Maumbo yote mawili ni ya usawa. Lakini *kufunga ndoa* hueleza ada ya siku moja, msikitini, kanisani au bomani. Jua la siku hiyo likishatua, swali analoulizwa mtu na mwenyeji wake wa ugenini si kama amefunga ndoa. Huulizwa *Umeoa?* au *Umeolewa?*, na muulizaji amekwisha kumtazama kabla ya kuchagua. Nayo lugha ya mitaani haina subira na usawa wa magazeti: bwana harusi *amevuta jiko*. Kama mke ni jiko, *-oana* haina pa kukaa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaonyesha kwamba jambo hili halihusu ucheshi tu. Kifungu cha 9 kinaitafsiri ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, maana ambayo ingewekwa kwa Kiswahili bila taabu kwa kutumia *-oana*. Kifungu cha 13 kinaweka umri wa chini kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kifungu cha 17 kinataka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba au mlezi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu vya 13 na 17 kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Mtu akizisoma hoja za shauri hilo kwa jicho la mwanaisimu, atauona mvutano ule ule: kifungu kimoja kinaongea kwa kauli ya kutendana, vingine viwili vinaongea kwa kauli ya kutenda na kutendwa, vyote ndani ya sheria moja.

Portia na pete yake

Tafsiri ya Nyerere ya komedi ya Shakespeare ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na kichwa chake kiliamua mapema namna itakavyosomwa. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare aligeuka kuwa mabepari, kwa wingi. Tangu hapo wahakiki wamekuwa wakifuatilia fedha, deni na ratili ya nyama, na wamefanya hivyo kwa faida. Lakini tamthilia hii ni komedi ya mapenzi. Harusi tatu zimo ndani yake, wanawake watatu wanavaa mavazi ya kiume, na tendo la tano lote ni mzaha wa wake wawili dhidi ya waume wao. Sehemu hiyo imebaki pembezoni mwa uhakiki wa Kiswahili kana kwamba ni viungo tu juu ya mlo wa Ujamaa.

Isomwe upya kwa vitenzi vyake. Portia anaanza akiwa mtendwa kupita kiasi: wasia wa marehemu baba yake umemfungia ndani ya sanduku moja kati ya matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na yeyote atakayelichagua sawa ndiye atakayemwoa. Hana nafasi ya kuchagua wala kukataa. Bassanio anapochagua la risasi, Portia anajikabidhi kwake pamoja na nyumba na watumishi kwa hotuba ya unyenyekevu ambayo wasomaji wa leo hupata taabu kuimeza. Mpaka hapo mpango wa *-oa* na *-olewa* umetimia barabara.

Lakini ndani ya tendo hilo hilo Portia anampa Bassanio pete. Kiswahili cha sasa kinalifanya jambo hili lionekane jipya. Katika desturi ya uchumba iliyoenea mijini, msichana huvishwa pete. Habari yenyewe hutangazwa kwa kauli ya kutendwa, *amevishwa pete*. Hapa anayevisha ni Portia. Sentensi *Portia amemvisha Bassanio pete* imekwisha kugeuza mpango, nayo ndiyo inayoendesha kila kitu kinachofuata. Bassanio anaonywa asiivue, anaivua kwa kumridhisha yule anayemdhani mwanasheria kijana, kisha anarudi nyumbani kuhojiwa. Shakespeare aliiweka pete hiyo bila kujua ingekuja kuwa na mzigo gani Kibondo. Mzigo huo umo ndani ya tafsiri bila mfasiri kuongeza neno.

Kuhusu mahakama, Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza hakina. Portia anapoingia akiwa katika joho la mwanasheria, Kiingereza hulazimika kuchagua kiwakilishi kila anapotajwa. Wahusika wanaodanganyika watatumia cha kiume, na msomaji anayejua siri atakumbushwa siri hiyo kila mara. Msimuliaji wa Kiswahili anaweza kueleza kisa kizima cha hukumu, aliingia, akasoma, akauliza mizani iko wapi, akamwonya Shylock asimwage hata tone la damu, bila kusema uongo na bila kufichua lolote. Kiambishi *a-* kinamstiri Portia kuliko joho lake. Kwa muda wote wa hukumu Kiswahili hakina mwanamke aliyejifanya mwanamume. Kina hakimu mwenye akili, basi. Hili ni jambo ambalo asili ya Kiingereza haiwezi kulifanya.

Ikilinganishwa na vichekesho vya runinga tofauti inajitokeza. Katika kundi la Ze Comedy, Joti alijijengea jina kwa kuigiza, pamoja na mengine, wahusika wa kike, na hadhira ilicheka kuanzia alipotokea na gauni. Mwanamume akivaa nguo za kike, kicheko humwangukia yeye. Mwanamke akivaa za kiume katika komedi, kicheko huwaangukia wasiomtambua. Anayepanda hupewa mamlaka kwa muda, anayeshuka huchekwa. Na ngazi hiyo ndiyo ile ile ya *-oa* na *-olewa*.

Bandani

Filamu za mapenzi kutoka nje hazikuwafikia watazamaji wengi wa Tanzania kwa maandishi ya tafsiri chini ya picha. Zilifika kwa sauti. Ufasiri wa filamu, ambao Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliujengea hadhi ya kisanaa, na ambao Matthias Krings ameuchunguza kwa kina, ni kazi ya mtu mmoja anayewasemea wahusika wote, anayeeleza desturi ngeni, anayeonya na anayetania. Mtu huyo ni mwanamume takribani daima. Nalo banda la video, kwa kawaida, ni mahali pa vijana wa kiume. Hadhira ya filamu haikuwa hivyo siku zote: Laura Fair ameonyesha katika *Reel Pleasures* (2018) jinsi wanawake walivyokuwa sehemu kubwa ya watazamaji wa majumba ya sinema ya mijini katika karne iliyopita, hasa wa filamu za Kihindi za mapenzi. Filamu ya mapenzi ilipohama kutoka sinema na kuingia bandani, ilibadilisha mezani pake wageni na mwenyeji kwa pamoja.

Tatizo la kwanza la mfasiri ni la kisarufi. Akisema *anamwambia hampendi*, katika tukio lenye mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, hakuna atakayejua nani kasema. Picha husaidia, lakini mfasiri hurudi nyuma ya picha na kwenda mbele yake, na sauti yake haibadiliki. Hivyo analazimika kutumia nomino pale ambapo Kiingereza kinatumia kiwakilishi. Nomino hazikosi upande. Mwanamume huwa *jamaa*, *mshikaji*, *kijana wetu*. Mwanamke huwa *demu*, *mrembo*, *bibie*, *mtoto*. Jamaa anaelezwa kwa ujamaa wake na wasikilizaji. Mwanamke anaelezwa kwa sura. Kile ambacho viwakilishi vya Kiingereza vingekionyesha kwa jinsi tu, bila sifa, Kiswahili cha bandani hukionyesha kwa jinsi pamoja na thamani. Ni ajabu ya kusikitisha kwamba kukosekana kwa tofauti katika kiambishi ndiko kunakoizaa tofauti katika msamiati.

Kisha kuna majina ya dhima. Lugha ya mabanda ina *steringi*, ambaye hafi, ina *adui*, na ina *demu wa steringi*. Kwa filamu za mapigano istilahi hizi zinatosha kabisa. Komedi ya mapenzi inazivunja, kwa sababu huo ndio utanzu wenye nguzo mbili: bila mwanamke mwenye nia yake, mwenye kukataa na kukawia, hakuna kisa. Lakini istilahi ina kiti kimoja. Mhusika ambaye katika filamu ni nusu ya msuko anaingia bandani kwa kihusishi *wa*, akiwa mali ya nusu nyingine. Filamu ya *Girlfriend* ya mwaka 2003, mojawapo ya filamu za mwanzo za wimbi la Bongo, ilichukua kichwa cha Kiingereza. Sababu za kibiashara zinaweza kutajwa. Hata hivyo *mpenzi* na *mchumba* hazitaji jinsi, na aliyetaka kuitaja kwa neno moja alilazimika kuazima. *Demu* lingekuwepo, lakini si neno la kuandika juu ya jalada litakaloonwa na mama mzazi.

Mtihani mgumu kwa mfasiri ni filamu inayokejeli mpango wenyewe. *Coming to America*, iliyoongozwa na John Landis, inaanza na mchumba aliyelelewa tangu utotoni kupenda chochote mfalme mtarajiwa atakachopenda. Akeem anamwamrisha aruke kwa mguu mmoja na abweke kama mbwa, naye anatii. Kejeli iko wazi: huyu ni mwanamke aliyekuwa mtendwa mpaka hakuna kilichobaki ndani yake. Akeem anaukimbia ufalme akimtafuta mwenye akili yake, na anamkuta Lisa huko Queens, New York. Lisa naye yuko hatarini kuwa mtendwa wa aina nyingine. Katika karamu ya nyumbani, baba yake anatangaza mbele ya wageni kwamba Darryl, kijana mwenye mali, atamwoa, na bintiye hakuulizwa.

Kwa hadhira ya Marekani tangazo hilo ni upuuzi wa baba anayependa pesa. Kwa hadhira ya Kasulu lina sura inayotambulika: posa imeletwa, mzee ameridhia. Ridhaa ya baba ndiyo hasa inayotajwa na kifungu cha 17. Mfasiri anayesema *ameshaposwa* analifanya tangazo kuwa jambo lililokamilika, na hasira ya Lisa inageuka kuwa ukaidi wa binti. Anayesema *wamemtangazia uchumba bila kumwuliza* anamweka Darryl na mzee katika kiti cha adui. Picha haikubadilika hata kidogo. Kwa maneno mengine, swali la iwapo komedi hii inatetea hiari ya mwanamke haliwezi kujibiwa kwa kuitazama filamu peke yake; linajibiwa na mtu aliyeshika kipaza sauti. Uhakiki unaohesabu ni mara ngapi mwanamke anaonekana jikoni na mara ngapi ofisini hauwezi kulifikia jambo hili, maana unahesabu kilichopigwa picha na kuacha kilichosikika.

Kuna tanzu-ndogo moja ambayo Kiswahili kinaihudumia kwa ukarimu. Stanley Cavell, katika *Pursuits of Happiness* (1981), alizikusanya komedi za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940 ambamo wanandoa walioachana huungana tena, na akaona humo ndoa ikijengwa juu ya mazungumzo ya watu walio sawa. Kiswahili kina neno la jambo hilo: *kurudiana*. Halina umbo la kutendwa linalomhusu mke peke yake. Aliyeolewa anaweza kuachwa, lakini kurudiana hufanywa na wawili. Ni jambo la kushangaza kwamba lugha inayoutoa usawa wakati wa kuoa huurudisha wakati wa kurudi, na komedi za Kiswahili bado hazijautumia mwanya huo ipasavyo.

Kiumeni

*Kiumeni* ya Nicholas Marwa, akiwemo Ernest Napoleon, haikuhitaji mfasiri, kwa kuwa ilitengenezwa kwa Kiswahili. Kisa chake kinamhusu kijana wa uswahilini na binti wa upande wa matajiri jijini Dar es Salaam. Tofauti inayotajwa waziwazi ni ya tabaka. Lakini kichwa chenyewe kinasema zaidi ya hapo. Kina mzizi *-ume*, kikitanguliwa na *ki-* na kufuatiwa na *-ni* ya mahali. Na katika mazungumzo ya ukoo na harusi msikilizaji anawajua ndugu zake, *kuumeni* na *kuukeni*. Umaskini umepewa anwani ya kiume. Kwa kuwa mwanamke anatoka upande wa pili wa jiji, utajiri unabaki ukeni bila mtu kuutaja hivyo.

Mpangilio huu una ujasiri kuliko unavyoonekana. Katika hadithi ya binti maskini na mwanamume tajiri, kitenzi hakisumbuki: mwenye mali ndiye mtenda, anaoa, na ngazi ya fedha na ngazi ya sarufi zinaelekea upande mmoja. Zikigeuzwa, zinapingana. Kijana asiye na kitu anatakiwa awe kiima cha *-oa*, kitenzi kinachodai mahari, nyumba na posho ya kesho, huku uwezo wote ukiwa kwa yule anayepaswa kuolewa. Ndipo linapojitokeza neno ambalo vijana wa Kasulu hulijua kama wa Kinondoni, *marioo*, yaani mwanamume anayetunzwa na mwanamke. Kicheko cha komedi za aina hii kinazunguka hofu hiyo. Tofauti ya mwanamume na mwanamke haionyeshwi kwa tabia, kwamba huyu ana hisia na yule hana, kama inavyozoeleka katika komedi za Marekani. Inaonyeshwa kwa swali la nani atabaki na haki ya kauli ya kutenda.

Watengenezaji wa filamu wanaweza kulikwepa swali hilo kwa kumtajirisha shujaa dakika za mwisho, nayo ndiyo njia rahisi. Au wanaweza kuliacha wazi. Likiachwa wazi, mtazamaji hulijibu mwenyewe. Vijana wawili wakitoka bandani Kibondo na kumsimulia mwenzao aliyechelewa mwisho wa kisa cha namna hii, mmoja anaweza kusema, *Jamaa kaoa uzunguni*. Mwingine, aliyekaa benchi lile lile na kuitazama filamu ile ile, atamkatiza: *Kaoa wapi? Kaolewa.*